Kupeleka darasa la sheria kuona kesi za jinai Tanga: chagua hatua ya kesi kwanza, jengo baadaye

Mwalimu, salaam. Umeeleza kwamba una wanafunzi 36 wa stashahada ya sheria, unataka kuwapeleka mahakamani hapa Tanga mjini waone kesi za jinai zinavyoendeshwa, na hujui uanzie mahakama ipi, ruhusa uombe kwa nani, wala wakirudi waandike nini. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uende moja kwa moja Mahakama Kuu kwa sababu ndiko kuna kesi kubwa. Nawaheshimu, lakini kwa maoni yangu hapo ndipo ziara nyingi zinapoharibikia.

Kesi ya jinai huwezi kuiona yote kwa siku moja. Mwanafunzi anayeingia saa tatu na kutoka saa saba anaona kipande tu cha safari ndefu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uende jengo gani, jiulize unataka waone kipande kipi: kusomewa mashtaka na kujibu, dhamana, usikilizaji wa awali (pande mbili zikibainisha mambo yasiyobishaniwa), shahidi akiwa kizimbani, uamuzi wa kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu, utetezi, hukumu, au adhabu. Kila kimoja kina mahakama yake na siku yake. Ukishaamua hilo, mengine yote yanajipanga.

Ukitaka waone mashtaka na dhamana, nenda Jumatatu, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Polisi wanatakiwa kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, na waliokamatwa kuanzia Ijumaa jioni hujazana Jumatatu. Asubuhi moja wanafunzi wataona hati za mashtaka kadhaa zikisomwa, watu wakikana na wengine wakikiri, wadhamini wakiitwa na barua zao za serikali ya mtaa zikikaguliwa. Ukitaka waone mashahidi, Jumanne hadi Alhamisi ni bora. Ijumaa siku ni fupi, swala ya mchana inaikata katikati, na mahakimu wengi huitumia kumalizia maandishi.

Mahakama Kuu ni jambo jingine. Kesi za mauaji husikilizwa kwa sesheni, yaani kikao maalumu kinachopangiwa tarehe na orodha ya mashauri, na Jaji anaweza kwenda kukaa nje ya Tanga mjini, kwenye wilaya nyingine za kanda. Ukifika bila kujua ratiba utakuta mashauri ya madai, maombi na rufaa, na wanafunzi wako hawataona shahidi hata mmoja wa jinai. Kumbuka pia likizo ya Mahakama, kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari. Kipindi hicho Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani hushughulikia ya dharura tu. Likizo ikielekea mwisho huja Wiki ya Sheria, na kilele chake ni Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, ambapo kuna maonyesho na elimu kwa umma. Hiyo ni ziara nzuri kwa namna yake, lakini haichukui nafasi ya kuketi kwenye kesi.

Mahakama ya Rufani nayo huja kufanya vikao Tanga. Ikiwapo, peleka kikundi kimoja kidogo, ila waambie mapema wasitarajie mashahidi. Ni majaji watatu, kumbukumbu za rufaa mezani, na hoja. Kwa mwanafunzi ambaye hajasoma kumbukumbu hizo ni kama kuingia kwenye mazungumzo yaliyoanza jana. Nisingemchukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huko kabla hajaona kesi ya chini.

Na msiidharau Mahakama ya Mwanzo. Kila kitu kiko kwa Kiswahili tangu zamani, makosa ni yale ya mtaani kama wizi mdogo, kutukana na kushambulia, na uwezo wake wa kufunga ni hadi miezi 12. Mara nyingi hakuna wakili upande wowote: mlalamikaji anasimama mwenyewe, mshtakiwa anajitetea mwenyewe, hakimu anauliza. Mwanafunzi anaiona mifupa ya kesi bila nyama ya maneno ya mawakili. Kesi moja inaweza kuanza na kuisha machoni pake ndani ya asubuhi moja, jambo ambalo huko juu ni nadra sana. Kwa darasa linaloanza, hii ingekuwa chaguo langu la kwanza.

Kuhusu ruhusa. Mahakama ya jinai iko wazi kwa umma. Kifungu cha 186 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinasema hivyo, kwa kadiri chumba kinavyoweza kuwabeba watu. Hulipi chochote kuingia. (Namba za vifungu ninazotaja ni za Toleo la Marejeo la 2019. Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha baadhi ya namba, kwa hiyo angalia darasa lako linatumia lipi kabla hujawapa kazi.) Lakini maneno "kwa kadiri chumba kinavyoweza" ndiyo yanayokuhusu wewe mwenye watu 36. Vyumba vingi vya mahakama za chini vina mabenchi machache nyuma, na yale mabenchi ni ya ndugu wa mshtakiwa, ndugu wa mlalamikaji na wadhamini. Wanafunzi wakiyajaza, mama mzazi wa mshtakiwa anabaki nje dirishani. Hilo si sawa hata kidogo, na hakimu ana haki ya kuwaondoa ninyi.

Kwa hiyo andika barua wiki tatu au nne kabla. Kwa Mahakama Kuu iende kwa Naibu Msajili wa kanda. Kwa Mahakama ya Hakimu Mkazi na zile za Wilaya na Mwanzo, kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama husika. Usiandike barua moja "kwa mahakama zote Tanga" ukategemea itajisambaza yenyewe. Ndani yake weka idadi kamili ya wanafunzi, kiwango chao, tarehe mbili unazopendekeza, jina na simu ya mwalimu atakayekuwepo, na sentensi moja inayosema hasa mnataka kuona hatua gani. Sentensi hiyo ndiyo inayomsaidia karani. Akijua mnatafuta mashahidi, atakutajia kesi iliyopangwa kusikilizwa na ambayo mashahidi wameitwa. Asipojua, atawaingiza popote penye nafasi. Siku mbili kabla, nenda mwenyewe ukasome orodha ya mashauri ya wiki ubaoni, ukathibitishe kwamba kesi ile haijaahirishwa.

Soma orodha hiyo kwa makini, kwa sababu neno moja linaamua ziara yako. "Kutajwa" maana yake kesi itaitwa, itapangiwa tarehe, basi. Dakika mbili au tatu. "Kusikilizwa" maana yake mashahidi wanatarajiwa. "PH", kifupi cha Kiingereza cha "preliminary hearing", ni usikilizaji wa awali. "Hukumu" ni hukumu, lakini inaweza kusogezwa ikiwa haijakamilika. Ziara inayoharibika kuliko zote ni ile ya mwalimu aliyeona kesi ishirini ubaoni akafurahi, kumbe kumi na nane ni za kutajwa.

Waeleze wanafunzi kwa nini za kutajwa ni nyingi. Kifungu cha 225 kinazuia mahakama ya chini kuahirisha kesi kwa zaidi ya siku 30, na ikiwa mshtakiwa yuko rumande, zaidi ya siku 15. Ndiyo maana aliyeko mahabusu anaonekana mahakamani kila baada ya wiki mbili hata kama hakuna kinachoendelea. Ni ulinzi wake: mtu asisahaulike gerezani. Marekebisho ya 2022 nayo yalilenga kwamba kesi zisifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa. Kwa hiyo ile kauli ya "upelelezi haujakamilika" sasa mtaisikia zaidi kwenye mauaji na makosa ya namna hiyo.

Hapo pana jambo linalowachanganya wanafunzi kila mara. Mshtakiwa wa mauaji akiletwa mahakama ya chini, anaambiwa hatakiwi kujibu chochote. Wanafunzi hudhani amenyimwa haki. Sababu ni kwamba mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza mauaji. Inashughulikia tu hatua za kumkabidhi Mahakama Kuu, na atajibu shtaka huko. Dhamana pia haipo kwa mauaji, wizi wa kutumia silaha, uhaini, ugaidi na mengine yaliyotajwa kifungu cha 148(5). Wafundishe hili darasani kabla, wasije wakaanza kunong'onezana mle ndani.

Sasa mgawanyo. Watu 36 wagawe makundi manne ya tisa. Kundi moja Mahakama ya Mwanzo, mawili kwa mahakimu wawili tofauti wa Wilaya au Hakimu Mkazi, moja Mahakama Kuu kama kuna sesheni. Tisa wanaenea kwenye mabenchi mawili bila kumfukuza mtu. Kila kundi liwe na kiongozi mwenye namba ya simu ya karani, na kila kundi libaki chumba kilekile hadi mapumziko. Makundi yanayohamahama kila nusu saa yanasumbua shughuli na yanaondoka bila kuelewa kesi hata moja. Ukiweza, chukua siku mbili badala ya moja, ubadilishane makundi siku ya pili. Mashahidi wasipotokea siku ya kwanza, na hilo hutokea mara nyingi, bado una ya pili.

Wafike saa moja na nusu asubuhi. Si kwa sababu mahakama inaanza hapo. Vikao huanza karibu saa tatu. Ni kwa ajili ya ukaguzi mlangoni, kuonyesha vitambulisho, kuelekezwa chumba, na kuona karandinga likiwasili na mahabusu kutoka Gereza la Maweni. Ila wasishangae msiposikia mngurumo wa gari: siku hizi mshtakiwa anaweza kuunganishwa kwa video kutoka gerezani akaonekana kwenye skrini. Hilo nalo ni la kuandika: anasikia vizuri? Anamwona shahidi? Anaweza kuzungumza na wakili wake bila kusikiwa? Wanaotoka mbali wapange muda kwa ukweli. Anayetoka Lushoto akiondoka saa kumi na mbili asubuhi anaweza asifike hata kufikia saa tatu. Kuna mteremko hadi Mombo, halafu Korogwe, Segera na Muheza. Bora walale Tanga. Wanaoshukia stendi ya Kange wajue bado hawajafika katikati ya mji, waache nusu saa ya daladala au bajaji.

Mavazi: suti nyeusi au nguo ya rangi ya giza na shati jeupe, viatu vya kufunika, hijabu isiyo na mapambo kwa wanaovaa. Asivae mtu joho wala ukanda mweupe wa mawakili shingoni, hata kama anavyo kwa ajili ya mahakama ya mazoezi chuoni. Wale chai kabla. Chakula na chupa za maji haviingii. Simu zizimwe kabisa na ziachwe kwenye begi. Kuzima sauti tu hakutoshi, maana kishawishi cha kupiga picha ni kikubwa. Kupiga picha au kurekodi mahakamani bila idhini kunaweza kuwaingiza kwenye kudharau mahakama, kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu hichohicho kinagusa pia kuandika au kusema jambo linalopotosha shauri ambalo bado linaendelea. Kwa hiyo ile tabia ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp "leo tumemwona muuaji" ikome kabla haijaanza. Yule ni mshtakiwa. Darasa la sheria likishindwa kutofautisha maneno hayo mawili, halina haja ya kwenda.

Wakae mabenchi ya nyuma. Meza za mbele ni za mawakili na waendesha mashtaka. Hakimu akiingia, wote wasimame, wainamishe kichwa kidogo, wakae baada yake. Anayetaka kutoka asubiri kesi moja imalizike kabla nyingine haijaitwa, ainame kidogo kuelekea meza ya hakimu, atoke. Mlango usigongwe.

Nakuja kwenye jambo ninalolijali kuliko yote katika ziara hizi, na ambalo walimu wengi hawalisemi: mashahidi walioko nje. Shahidi ambaye hajatoa ushahidi hukaa nje ya chumba ili asisikie wenzake. Sasa fikiria mabenchi ya kungojea, kivuli cha mti, joto la Tanga. Wanafunzi wanatoka wakati wa mapumziko, wanakaa benchi lolote lenye kivuli, wanaanza kujadili: "Yule wa kwanza kasema ilikuwa saa mbili usiku, taa ilikuwa inawaka." Aliyekaa pembeni anaweza kuwa shahidi wa tatu. Hana kosa, hawana nia mbaya, lakini ushahidi wake umeshaguswa. Wakili akigundua atauliza, na ana haki ya kuuliza. Kesi ya mtu inaweza kuyumba kwa mazungumzo ya benchini. Kanuni iwe moja tu: ndani ya uzio wa mahakama, hakuna kujadili ushahidi, hata kwa kunong'ona. Wazungumze kuhusu mpira, kuhusu nauli, kuhusu chochote kingine. Wala wasimwendee mtu nje kumuuliza "wewe ni ndugu wa nani?" wakidhani wanafanya utafiti. Anaweza kuwa mama wa marehemu.

Kuna milango ambayo haitafunguka, na wasilazimishe. Ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana hupokelewa faragha, na mashauri ya mtoto aliyeshtakiwa huendeshwa katika Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo si ya wazi. Mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Karani akisema tokeni, watoke mara moja, bila kugeuka kumtazama mtoto anayeingia. Katika ripoti, mwathirika wa kesi za aina hiyo asiandikwe jina, mtaa wala shule yake, hata kama walilisikia korido.

Ndani ya chumba watazame nini? Wengi hutazama mawakili, nami ningewaambia wamtazame zaidi hakimu anavyoandika. Ushahidi katika mahakama za chini huandikwa na hakimu mwenyewe, kwa mkono au kwa kompyuta, ndiyo maana mara kwa mara utasikia shahidi akiambiwa asubiri. Wanafunzi huona ni uzembe wa muda. Si hivyo. Maandishi yale ndiyo kesi yenyewe. Rufaa ikienda juu, majaji hawatamwona shahidi wala kusikia sauti yake, watasoma kilichoandikwa. Jambo lisiloandikwa ni kama halikusemwa. Kifungu cha 210 cha Sura ya 20 kinampa shahidi haki ya kusomewa alichosema, na hakimu anapaswa kumwambia hivyo. Wasikilize kama anaambiwa.

Kisha wasikilize kiapo. Kwa kawaida shahidi anaulizwa dini yake, anaapa au anathibitisha, ndipo anaanza. Ni sekunde chache, na kuna kesi zimeanguka kwenye rufaa kwa sababu ya sekunde hizo.

Baada ya shahidi kueleza kwa maswali ya msingi, unafika wakati wa maswali ya dodoso, yaani upande wa pili kumhoji. Kama mshtakiwa hana wakili, hakimu humgeukia: "Una swali lolote kwa shahidi?" Na mara nyingi jibu ni, "Sina swali, Mheshimiwa." Wanafunzi wahesabu ni mara ngapi wanalisikia jibu hili. Msimamo wa Mahakama ya Rufani, uliorudiwa mara nyingi, ni kwamba kutomhoji shahidi juu ya jambo la msingi huchukuliwa kuwa umelikubali. Mshtakiwa aliyekaa kizimbani hajui hilo. Anadhani nafasi yake ya kujieleza itakuja kwenye utetezi; anakuja kusema mambo yake wakati huo, na anaambiwa hakuyauliza mapema. Au ana swali, lakini anatoa hotuba badala ya swali, anakatizwa, anakata tamaa. Hakuna mahali pengine ambapo mwanafunzi ataelewa kwa haraka hivyo maana ya kuwa na wakili na kutokuwa naye. Kwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili. Kwenye wizi wa Mahakama ya Wilaya, mara nyingi yuko peke yake, na kifungo kinaweza kuwa cha miaka.

Vielelezo navyo vina mtego wake. Nyaraka ikitolewa, kwanza upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, kisha inapokelewa na kupewa namba, ndipo inasomwa kwa sauti. Ikipokelewa isisomwe, Mahakama ya Rufani imeshaondoa nyaraka nyingi za namna hiyo kwenye ushahidi, kwa kuwa mshtakiwa hakujua kilichomo. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa aliyoandikisha polisi baada ya kuonywa, yakipingwa kwa madai kwamba mtu alipigwa au kulazimishwa, wataona kesi kuu ikisimama ili suala hilo lisikilizwe peke yake. Mahakama Kuu wanaiita kesi ndani ya kesi. Mkibahatika kuikuta, futeni mipango mingine, kaeni hapo.

Kama kuna kesi ya dawa za kulevya, tuseme mirungi au bangi, ni somo zuri sana la mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: nani alikamata, nani aliandika hati ya ukamataji, nani alishuhudia, mzigo ulifungwa na kutiwa lakiri wapi, ulikaa kwa nani, nani aliupeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani aliurudisha. Wachore mstari wenye majina ya vyeo na tarehe. Pengo likiwepo kwenye mstari, wataliona wao wenyewe. Na kama shtaka liko chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, waulize baadaye kama kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka cha kushtaki, na hati yake ya kuipa mahakama ya chini mamlaka, vipo. Mahakama ya chini haina mamlaka bila hivyo.

Kukiri kosa kunahitaji sikio. Mshtakiwa anasema, "Ni kweli nilichukua baiskeli, ila namdai, tukaelewana." Hilo si kukiri, hakimu makini ataandika kwamba amekana. Na hata anayesema "ni kweli" moja kwa moja, husomewa maelezo ya kosa na kuulizwa tena kama anayakubali kabla ya kutiwa hatiani. Waandike maneno ya mshtakiwa neno kwa neno, kwa Kiswahili alichokisema. Siku hizi hilo ni rahisi zaidi, tangu marekebisho ya 2021 yafanye Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa mtasikia bado mchanganyiko, hasa mawakili wanapobishana hoja za sheria.

Kwenye sesheni ya Mahakama Kuu kuna mambo mawili ya kuwaandaa. Kwanza, marekebisho ya 2022 yameondoa ulazima wa wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa na Jaji kumshauri, kwa hiyo Jaji anaweza kukaa peke yake. Pili, mauaji yakithibitika adhabu yake ni kunyongwa, na Jaji huitamka mbele ya watu wote. Mwanafunzi ambaye hajaandaliwa anaweza kulia au kutetemeka, na ndugu wa pande zote mbili wako pale. Anayehisi hawezi, atoke kabla hukumu haijaanza kusomwa. Katikati hairuhusiki kiheshima. Wakati mwingine mtakuta shtaka limepunguzwa kuwa kuua bila kukusudia na mshtakiwa amekiri. Hapo sikilizeni upande wa utetezi unavyoomba kupunguziwa adhabu, na Jaji anavyopima muda ambao mtu ameshakaa mahabusu.

Ripoti isiwe insha ya "niliona nini". Kila mmoja awe na karatasi moja kwa kila kesi: namba ya kesi, mahakama, kosa na kifungu, hatua iliyofikiwa, nani walikuwepo kwa vyeo vyao, saa kesi ilipoitwa na saa ilipoisha, kilichofanyika, sababu ya kuahirishwa kama iliahirishwa, na tarehe inayofuata. Washtakiwa na mashahidi waandikwe kwa herufi. Chini ya karatasi aandike kifungu kimoja cha Sura ya 20 alichokiona kikifanya kazi na kimoja alichotarajia asikione. Hicho cha pili ndicho kitakachozaa mjadala darasani.

Hakimu au wakili wa serikali akikubali kuzungumza nanyi mwishoni, dakika 20 zinatosha, na maswali yawe ya utaratibu tu. Msimuulize kuhusu kesi mliyoisikiliza. Hawezi kuijibu, na mtamweka pabaya. Mjadala wa kwanza ufanyike siku hiyohiyo alasiri, chumba cha darasa, kabla kumbukumbu hazijachakaa. Si ndani ya daladala.

Baadaye, chukua hukumu moja ya rufaa iliyotolewa Tanga kutoka TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako zinasomwa bure, ugawe sehemu ya majaji wanaponukuu mwenendo wa mahakama ya chini. Wakishaona hakimu anavyoandika, watausoma ukurasa ule kwa macho mengine.

Na zile tarehe walizonakili kwenye karatasi zao, usiziache zipite. Chagua kesi mbili, teua wanafunzi wawili kwa kila moja, waende tena tarehe hiyo, na inayofuata, hadi hukumu. Wanne kati ya 36 wakiifuata kesi mpaka mwisho na kulieleza darasa kila hatua, darasa zima litakuwa limeona zaidi kuliko siku moja ya watu wote. Mpe karani majina yao mapema, ajue sura zao.